Kona ya Kibandiko

Barua ilifika Jumatatu asubuhi, na Msusi aliisoma akiwa na kichwa cha mteja katikati ya magoti yake. Aliishika kwa vidole viwili tu, kwa kuwa vingine vilikuwa na mafuta, akaiinua juu ya utosi wa yule mama.

"Imetoka Baraza," alisema.

"Soma kwa sauti," alijibu mumewe kutoka mezani. "Barua yangu, masikio yangu."

Mtaa mzima ulimwita Sikio. Macho yalimpotea ujanani, na masikio yakachukua kazi zote mbili. Alikuwa mnukuzi wa Baraza la Usuluhishi: alipelekewa rekodi za vikao vya watu wanaogombania mipaka, kuta na vyombo vya marehemu, akazisikiliza huku mguu wake wa kulia ukizisimamisha kwa kanyagio, akaandika kila neno mpaka kikohozi. Kompyuta ilimsomea alichoandika kwa kasi ambayo mtu mwingine angedhani ni nyuki waliofungiwa chupani. Sauti hiyo alikuwa nayo miaka kumi na moja. Katika nyumba ile vichwa vya wateja vilileta mboga, lakini sikio ndilo lililolipa pango.

Msusi akasoma. Kuanzia mwezi ujao Baraza halitapokea kazi iliyofanyika kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi wa zamani, ambao waliouunda wameacha kuupelekea masahihisho ya usalama. Kila mnukuzi wa nje ahamie mfumo wowote ambao bado unapata masahihisho hayo. Jedwali la kiwango cha chini limeambatishwa. Fomu ijazwe kwa kunakili kama ilivyo kwenye kibandiko cha mashine, isainiwe, ifike ofisini kesho. Siku ya Ijumaa mashine iletwe ikaguliwe. Asiyefikia kiwango jina lake litatolewa kwenye orodha.

"Jina la nani?" aliuliza mama yake Sikio, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni.

"La mwanao, mama."

"Kwa kosa gani?"

"Hawajasema kosa. Wamesema kiwango." Msusi akageuza karatasi. "Prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kumbukumbu, gigabaiti nne. Hifadhi, sitini na nne. Chipu ya usalama, toleo la pili."

"Kizazi cha nane!" alisema bibi kizee. "Ukoo wetu wenyewe tunaujua mpaka cha nne tu, tena huyo wa nne tunabahatisha."

Mteja akacheka mpaka kichwa kikamponyoka Msusi mikononi. "Shoga, hiyo ni ram tu," alisema. "Shemeji yangu aliambiwa hivyohivyo. Akaongeza ram, mashine ikawa kijana."

"Ram ndiyo nini?"

"Sijui. Lakini aliongeza."

Sikio hakucheka. Aliifunga mashine, akaipindua kifudifudi, akaisukumia upande wa mkewe. "Soma kibandiko," alisema.

Msusi akafuta mikono kwenye kanga, akasogea. Alipoligusa lile tumbo la mashine, vidole vyake vilisita kidogo, kama vya mtu aliyekumbuka sufuria jikoni, kisha akainama kusoma. Maandishi yalikuwa madogo lakini safi. Prosesa, kizazi cha nane. Kumbukumbu, gigabaiti nane. Hifadhi, mia mbili hamsini na sita. Chipu ya usalama, ipo.

"Nane?" Sikio alisimama. "Wao wanataka nne, sisi tunayo nane?"

"Nane, mume wangu. Imeandikwa."

"Miaka yote hii nakalia utajiri sijui!"

Wakajaza fomu palepale. Msusi aliandika, kisha akamwekea rula juu ya mstari, naye Sikio akasaini kufuata ukingo wake. Juu ya saini kulikuwa na maneno kwamba mwenye kutia saini anathibitisha yote ni kweli, na kwamba uongo utamwondoa kwenye orodha moja kwa moja. Msusi aliyasoma hayo haraka, kama watu wanavyosoma maandishi ya pakiti ya sabuni.

*

Jumatano Baraza lilimletea flashi yenye mfumo mpya. Sikio aliichomeka, akavaa visikilizi, kisha akavivua ili nyumba nzima isikie mashine yake ikipanda cheo. Mama yake akaleta kigoda. Siku hiyo Msusi alikuwa na msichana wa shule aliyetaka nywele za kubana, akamwomba asitikisike.

Ile sauti ya nyuki ilizungumza. Sikio akaipunguza kasi ili wote waelewe.

"Kompyuta hii haifikii kiwango cha chini," ilisema.

"Imesemaje?" aliuliza mama.

Sikio akaanza upya. Akachomoa flashi, akaipuliza, akaichomeka tena.

"Kompyuta hii haifikii kiwango cha chini."

Ilikuwa sauti ileile iliyomsomea mirathi na mipaka kwa miaka kumi na moja, na sasa ilijitangaza yenyewe kuwa haifai, bila haya, kama mtu anayetaja jina lake kwa askari. Sikio akabonyeza huku na huku, akaiuliza ina nini ndani. Ikamjibu: kumbukumbu, gigabaiti mbili. Prosesa, kizazi cha pili. Chipu ya usalama, haipo.

"Kibandiko kinasema nane," alisema Sikio taratibu. "Mashine inasema mbili. Nani mwongo?"

"Mwanangu, mimi nina macho mawili na naona kwa nusu ya moja," alisema mama yake. "Ukisoma cheti changu ni mzima kabisa. Huenda imezeeka tu."

"Kumbukumbu haizeeki, mama."

"Ya nani?"

Wakajaribu kila kitu. Msusi aliipepea mashine kwa kifuniko cha sufuria ipoe. Sikio alifuta rekodi za mwaka juzi, kwa kuwa alisikia mahali kwamba mashine iliyojaa hujiona ndogo. Ikasema mbili. Yule msichana wa shule, nywele nusu zimesimama, alishauri wazime umeme wa nyumba nzima kisha wawashe. Wakazima, wakawasha. Mbili.

Sikio alikaa, mkono juu ya mfuniko.

"Basi nimeelewa," alisema. "Kuna mtu aliifungua mashine hii. Akachomoa sita, akaniachia mbili. Tumeibiwa kumbukumbu."

Nyuma yake kitana kilisimama. Mtu mwingine asingesikia kitana kikisimama.

"Nani aifungue?" aliuliza Msusi.

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Kabla hajajibiwa simu ililia. Msusi akapokea. Alikuwa karani wa Baraza. Flashi ilikuwa imepeleka majibu ofisini yenyewe, bila kuwaaga.

"Mwambie huyo mzee wako," alisema karani, na sauti ilisikika mpaka mlangoni, "fomu yake inasema nane na mashine yake inasema mbili. Mwambie hapa tunaita tamko la uongo."

Sikio akanyoosha mkono. Akapewa simu. "Niambie mwenyewe, bwana," alisema. "Nina upungufu wa macho tu. Huku kwingine nimekamilika."

Upande wa pili karani akashusha sauti. "Mzee, mimi sina ugomvi. Njoo Ijumaa na mashine na maelezo. Usipokuwa na maelezo, nitakata jina."

Simu ikakatika. Sikio akaendelea kuishika sikioni, kana kwamba maelezo yangekuja kwa mlango huohuo.

*

Alhamisi Sikio alisema lazima wampate fundi, amfungulie mashine mbele ya shahidi. Msusi alijitolea kuipeleka peke yake, akasema jua ni kali. Sikio akasema tangu lini jua likamzuia mtu asiyeliona. Msusi akasema barabara imechimbwa. Sikio akachukua fimbo yake, akamshika mkewe kiwiko, akangoja.

Kwa hiyo Msusi akamwongoza, akipita njia ndefu, akitafuta fundi mwingine yeyote. Wa kwanza alikuwa amefunga. Wa pili alisema anatengeneza redio tu, kompyuta zinamtia kichefuchefu. Akabaki mmoja, kwenye kibanda chembamba baina ya duka la rangi na kinyozi, mwanamke wa makamo aliyevaa bisibisi nne kwenye kamba shingoni kama mkufu. Msusi aliomba moyoni mwanamke huyo awe amesahau.

"Aa! Dada wa mfuniko!" alipaza sauti yule fundi kabla hawajavuka mtaro. "Umerudi? Umeidondosha tena?"

Mkono wa Sikio haukuondoka kwenye kiwiko cha mkewe. Ulitulia tu, kama mguu wake ulivyotulia juu ya kanyagio anaposikia neno la kurudia.

"Mfuniko gani?" aliuliza.

Fundi akamtazama Msusi, akaona ameharibu jambo, ila hakujua ni lipi. "Samahani," alisema. "Kaeni kwanza."

Wakakaa kwenye benchi. Msusi akaeleza akiangalia vidole vyake. Miezi minane nyuma, Sikio alipokwenda kwenye msiba wa mjomba, yeye alikuwa akifagia chini ya meza, mpini wa ufagio ukakamata waya wa kanyagio, mashine ikaanguka. Ilikuwa nzima ila tumbo lilipasuka kutoka kona hadi kona. Akaileta hapa. Akabadilishiwa mfuniko wa chini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ile mashine ndiyo macho yako. Ningesema nini? Kwamba nimekupiga jicho na ufagio?"

"Na wewe, fundi," Sikio aligeuka, "ulipoifungua ulichomoa kumbukumbu?"

"Mimi?" Bisibisi shingoni ziligongana. "Mzee, mimi nikiiba naiba kitu kinacholika. Lete hapa."

Akalegeza parafujo saba, akang'oa mfuniko, akaanza kucheka polepole, bila ubaya. Kisha akaeleza, na ilibidi arudie mara tatu, kwa kuwa mara ya kwanza hakuna aliyeelewa, na mara ya pili kila mmoja alielewa lake. Mfuniko huu, alisema, niliutoa kwenye mashine iliyokufa, mdogo wa hii, wa miaka ya karibuni. Umbo moja, ndani tofauti. Kibandiko ni cha marehemu. Hizo nane zilikuwa za marehemu. Yako ilikuwa na mbili tangu inazaliwa. Hakuna aliyekuibia, hukuwahi kuwa nazo.

"Na kwa nini ukauacha huo uongo umebandikwa?" aliuliza Sikio.

"Nilitaka kukibandua! Muulize mkeo. Nilishakitia ukucha akanishika mkono. Akasema, dada, mume wangu huwa anakipapasa. Asipokikuta atajua."

Kwa kinyozi mashine ya kunyolea ilikuwa ikivuma.

"Nilijua siku ileile niliyorudi," alisema Sikio.

Msusi akainua uso.

"Kibandiko changu kilikuwa na kona iliyonyanyuka. Mimi ndiye niliyeinyanyua, kwa kidole gumba, ninapotafuta neno. Niliporudi msibani nikaikuta imelala, laini kama shavu la mtoto. Nikajua tumbo si langu."

"Miezi minane! Na wewe mbona hukusema?"

"Niliona umejitahidi nisijue. Mtu akikuficha kitu kwa huruma hivyo, utamkamataje kama mwizi wa kuku?" Akavuta pumzi. "Ila sikujua kinasema nini. Nilijua ni kipya, sikujua kinaongopa. Na jana nilipouliza nani aliifungua, nilikuwa nakupa nafasi."

"Nami nilidhani labda huyu dada kweli aliiba, na ni mimi niliyempelekea."

"Jamani," alisema fundi, "nyumba yenu ina heshima nyingi mno. Sasa Ijumaa ni kesho. Nyie mnataka nini?"

Walitaka jina libaki. Fundi akahesabu kwa vidole. Mashine mpya yenye kufikia jedwali ingekula kazi ya Sikio ya miezi mitano, kabla hawajala wao. Mfumo ule wa kwenye flashi hautakubali hata ukibembelezwa: kumbukumbu inaongezeka mpaka nne, lakini prosesa haibadilishiki, na chipu haipo. Ila kuna mifumo myepesi, alisema, ya bure, watu wanaiandika kwa ajili ya mashine wazee kama hii, na inapata masahihisho ya usalama mpaka leo. Hiyo ataiweka kabla ya magharibi, na kumbukumbu ataiongeza ifike nne.

"Na sauti yangu?" aliuliza Sikio.

Fundi akakuna shingo. "Sauti yako ni ya mfumo wa zamani, mzee. Haihami. Huku iko nyingine."

"Inasemaje?"

"Inasema. Kama mgeni anayesoma barua ya mwenzake."

Sikio akaomba dakika moja. Fundi akairudishia mashine tumbo lake, akaiwasha. Sikio akafikiri aisomeshe nini, akakosa. Mwishowe akabonyeza kitufe cha saa.

"Saa nane na dakika kumi," ilisema ile sauti, kwa kasi yake, na hakuna aliyeielewa isipokuwa yeye.

"Haya," alisema. "Na hicho kibandiko kitoe."

*

Ijumaa walifika Barazani mapema, wakawekwa kwenye kiti cha mwisho. Waliokuja baadaye na mashine nyembamba zinazong'aa waliitwa kwanza. Sikio alikuwa amekesha na sauti mpya, akiisikiliza polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila iliposema "mirathi" aliona aibu kwa niaba yake.

Karani aliwaita saa sita kasorobo. Akafungua faili. "Maelezo?"

Msusi akaanza kueleza ufagio. Karani akainua mkono. Akaeleza mfuniko. Karani akaweka kalamu chini. Alipofika kwa marehemu, karani aliuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," alisema Sikio. "Fomu ilisema tunakili kutoka kwenye kibandiko. Tukanakili. Kibandiko kilikuwa cha mashine nyingine. Anayesoma vibandiko nyumbani kwangu hakuongopa, alisoma kilichoandikwa."

"Sawa. Lakini kizazi cha nane huna."

"Sina."

"Chipu huna."

"Sina. Nina mfumo unaopata masahihisho ya usalama. Barua yenu, sentensi ya pili: 'Kila mnukuzi wa nje ahamie mfumo wowote ambao bado unapata masahihisho hayo.' Mlisema wowote. Jedwali ni la huo mfumo wa kwenye flashi. Wangu unatosheka na nusu yake."

Karani akaitafuta barua, akaisoma akichezesha midomo, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu cha kumwokoa. "Hili neno hata mimi sikuliona," alikiri. Akavuta fomu mpya. "Tujaze upya basi. Kibandiko kiko wapi?"

"Tumekibandua," alisema Msusi.

"Sehemu hii inasema kama ilivyo kwenye kibandiko. Bila kibandiko sina pa kunakili."

"Mashine yenyewe inajieleza," alisema Sikio, akabonyeza. Ile sauti ngeni ikaanza kutaja gigabaiti moja moja, ikijikwaa. Watu kwenye foleni wakageuka. Mmoja akacheka.

"Izime, mzee," alisema karani. "Mimi najaza kinachoonekana. Sijazi kinachosikika."

Sikio akaizima. Vidole vyake vikawa vinatafuta kitu chini ya mashine, pasipo na kitu.

Msusi akaichukua mashine mikononi mwake. "Tupe dakika tano," alimwambia karani, akatoka nayo ukumbini, Sikio akimshika kiwiko.

Kwenye mkoba wake kulikuwa na plasta, ile nyeupe ya kitambaa ambayo wasusi huzungushia vidole nyuzi zisiwakate. Akakata kipande kwa meno, akakilaza kwenye tumbo la mashine, pale pale pa zamani. Akaazima kalamu kwa mlinzi. Akaandika kwa herufi kubwa, akitaja kila neno ili mumewe asikie: kumbukumbu, nne. Prosesa, kizazi cha pili. Chipu, hakuna. Mfumo, mwepesi, unapata masahihisho.

"Umemaliza?" aliuliza Sikio.

"Bado." Akashika kona moja ya plasta, akaikunja kidogo juu kwa ukucha.

Waliporudi, karani aliipindua mashine, akakitazama kibandiko kile kwa muda. Alionekana kutaka kusema jambo, lakini kibandiko kilikuwepo, kilionekana, na foleni ilikuwa inaguna. Akanakili. Akagonga muhuri. "Napeleka juu," alisema. "Wakikataa, si mimi. Mpaka hapo, chukua." Akasukuma flashi ya rekodi. "Wanagombania ukuta wa choo. Saa tatu na nusu. Kuna mmoja anakohoa mwanzo mpaka mwisho."

"Huyo nitamwandika," alisema Sikio.

Walikuwa wameshafika kwenye ngazi Sikio alipousikia mkono wake mwenyewe ukitembea chini ya mashine. Kidole gumba kikapita kwenye kitambaa, kikaenda pembeni, kikaikuta ile kona imesimama. Naye akasimama.

"Umeiacha," alisema.

"Ungetafutia wapi maneno?" alisema Msusi. "Lakini taratibu. Hiyo ni plasta, itabanduka. Ikibanduka uniambie."

"Nitakuambia," alisema Sikio, akaichokonoa kidogo. "Safari hii nitakuambia."